Laptopu mpya: nitazame nini kabla ya kununua?

SWALI: Ninasoma Chuo Kikuu cha Kisangani na ninaishi Makiso. Laptopu yangu huchelewa sana kuwaka. Nimeweka akiba ninunue nyingine. Nitazame nini nisije nikajuta?

JIBU: Hongera, ndugu yangu. Raha utaionja siku ya kwanza: unabonyeza, na muda mfupi baadaye unaandika. Kasi hiyo huletwa hasa na diski ya SSD, ambayo haina sahani inayozunguka kama diski za zamani. Tafuta SSD ya GB 256 au zaidi, pamoja na RAM ya GB 8.

Pili, betri. Kisangani umeme hukatika, kwa hiyo betri inayodumu ina faida kuliko skrini pana. Ukinunua iliyokwisha kutumika, chomoa chaja uitumie hapohapo dukani uone chaji inavyoshuka.

Tatu, hakikisha inakubali Windows 11, kwani Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kama unaandika kazi zako kwa Kifaransa, kibodi ya AZERTY itakurahisishia.

Ile ya zamani usiitupe. Hamisha mafaili yako, iwekee SSD, kisha umpe mdogo wako aitumie kusomea.