HALALI: SOMO LA MANENO YA HOTELINI

Mwaka huu chama kilinipa kazi ya kuandika msamiati wa hotelini. Nikasema hii ni rahisi, manake hoteli nani haijui? Kumbe neno moja tu, halali, lilikuwa limeshawagombanisha watu wa kwetu, nami sijui maana yake sawasawa.

Shangazi yangu aliolewa Voi na Mwislamu, akaifuata dini ya mumewe. Desemba iliyopita alipanda huku Wundanyi kututembelea. Nyanya akachinja jogoo wake mkubwa kwa mkono wake mwenyewe. Shangazi akala ugali na mboga, nyama hakuigusa. Nyanya alinyamaza, lakini baba akawaka: "Siku hizi kuku wa mama amekuwa mchafu?" Shangazi akarudi Voi akilia, na baba akaapa kwamba hatakanyaga kwake.

Nilimwuliza mwalimu wetu wa Kiswahili. Akanieleza kuwa halali ni neno lenye asili ya Kiarabu, maana yake kilichoruhusiwa. Kinyume chake ni haramu. Nyama huwa halali ikiwa mnyama ni wa kuliwa (nguruwe hayumo), akachinjwa shingoni kwa kisu kikali, jina la Mungu likatajwa, damu ikatoka. Waislamu wengi wa huku kwetu hula tu nyama iliyochinjwa na Mwislamu mwenzao. Basi shangazi hakumdharau mama yake hata kidogo! Jioni nikamsomea baba daftari langu. Hakujibu kitu.

Mwezi wa Aprili shangazi akatuma ujumbe: tushuke Voi, atatulisha hotelini. Kwake baba angekataa, lakini hoteli si kwa mtu. Tukapanda matatu, tukapita Mwatate mpaka Voi. Mlangoni palikuwa na kibao, "Chakula Halali", na ndani familia zimejaa, watoto wengine wamelala mapajani mwa mama zao. Nikatoa kalamu. Haya ndiyo niliyoandika:

1. Mpunga, mchele, wali. Mpunga uko shambani, mchele uko dukani, wali uko mezani. Usiseme "nimekula mchele", utachekwa.

2. Pilau. Neno lilitoka Uajemi likasafiri mbali. Kule Uzbekistan, katika Asia ya Kati, huitwa palov, na hupikwa kwa nyama, vitunguu, karoti na jira. Mwaka 2016 UNESCO iliuweka utamaduni wa palov katika orodha ya urithi wa binadamu.

3. Sambusa, chai, halali. Waizbeki husema somsa, choy, halol. Kwa hivyo Mwizbeki mwenye hoteli ya halali huko London akikutana na mpishi wa Voi, mezani hawatahitaji mkalimani.

4. Meza tulipewa na Wareno, kachumbari na Wahindi.

5. Mkahawa. Ndani yake mna neno kahawa. Lakini sisi hata pasipo na kahawa twasema hoteli tu.

Pilau ililetwa kwenye sinia moja kubwa. Tukanawa, tukalizunguka. Kusema kweli hakuna aliyezungumza. Mikono tu ndiyo iliyotembea. Halafu baba akachukua mnofu mkubwa kuliko yote, akausukuma upande wa shangazi.

"Dada, kula. Hii ni halali yako."

Hapo, ndugu msomaji, kuna maana ya pili: halali ya mtu ni haki yake, fungu lake asilostahili kunyang'anywa. Ndiyo maana twasema pia mke halali na jasho la halali. Shangazi alilia tena, ila safari hii alikuwa anatafuna.

Nyanya akafunga mjadala: "Desemba mwambie mkwe wangu aje na kisu chake. Jogoo ninaye."

Wahenga walisema udugu wa nazi hukutania chunguni. Wetu ulikutania siniani.

ZOEZI
(a) Taja kinyume cha halali.
(b) Tunga sentensi mbili zinazoonyesha maana mbili za halali.
(c) Je, nyumbani kwenu kuna mgeni aliyewahi kukataa chakula? Kabla ya kukasirika, mlimwuliza kwa nini?