Ada ya Mwanachama na Ulinzi wa Huduma ya Umma

Mtu maskini akiitwa mahakamani kwa deni la kodi ya nyumba, na mdai wake akafika na wakili, mara nyingi hushindwa hata pale ambapo sheria iko upande wake. Nchini Marekani, Mahakama Kuu iliamua mwaka 1963 kwamba mshtakiwa wa kosa kubwa la jinai asiye na uwezo apewe wakili. Katika kesi za madai hakuna haki ya namna hiyo. Kwa ajili ya kesi hizo Kongresi iliunda, mwaka 1974, shirika liitwalo Legal Services Corporation, ligawe fedha za umma kwa ofisi za msaada wa sheria katika majimbo yote.

Kitolewacho na serikali chaweza kuondolewa na serikali. Mwaka 1981 Rais Ronald Reagan alipendekeza shirika hilo lifutwe. Kongresi ilikataa, lakini fungu likashuka kutoka dola milioni 321 hadi milioni 241 mwaka 1982. Mwaka 1996 lilishuka tena, kutoka dola milioni 400 hadi milioni 278, na safari hii yakaongezwa masharti. Ofisi zilikatazwa kufungua kesi za pamoja kwa niaba ya watu wengi, tena zikabanwa sana zisiwashawishi wabunge juu ya sheria.

Sharti hili la pili yafaa katibu wa chama alitazame kwa makini. Ofisi iliyopunguziwa fedha haikuweza tena kusimama kwa uhuru na kujitetea, maana anayeilipa ndiye aliyeifunga mdomo. Lakini wafanyakazi wengi wa ofisi hizo, mawakili pamoja na makarani na wapokezi, walikuwa na chama chao, National Organization of Legal Services Workers, ambacho ni tawi namba 2320 la UAW, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari. (Wakili na fundi wa kiwandani katika chama kimoja! Wapo waliolicheka jambo hili.) Ada ya chama hukatwa katika mshahara wa mwanachama; si fedha ya ruzuku. Kwa hiyo chama kiliweza kusema yale ambayo ofisi haikuruhusiwa kuyasema.

Rais Donald Trump alipopendekeza mwaka 2017 kulinyima shirika fedha, Kongresi ililipa dola milioni 410 kwa mwaka 2018, zaidi ya milioni 385 za mwaka uliotangulia. Isidhaniwe kuwa hiyo ilikuwa kazi ya wafanyakazi peke yao. Jumuiya za mawakili na hata ofisi kubwa za mawakili wa matajiri ziliandika barua za kulitetea.

Hata hivyo chama kina mipaka yake. Katika jiji la New York, mawakili watetezi wa Legal Aid Society, walioungana tangu 1969 katika Association of Legal Aid Attorneys, waligoma Oktoba 1994 kwa sababu ya mishahara. Meya Rudolph Giuliani akatangaza kuuvunja mkataba wa jiji na taasisi yao. Mgomo ulikwisha upesi, na baadaye sehemu ya kazi hiyo ikapewa vyombo vingine. Wagomaji hawakuwa na dai la ovyo. Wakili asiyeweza kuishi kwa mshahara wake huhama, na majalada yake hubaki katikati, mteja akianza upya na mgeni. Bali mgomo wa huduma ya namna hii humgusa kwanza mahabusu anayengoja kesi, na kama yeye na jamaa zake hawakuelezwa mapema, mwenye fedha hupata nafasi ya kujifanya mtetezi wao.

Kwa majadiliano katika mkutano wa wanachama: Je, katika mapato ya chama chenu, ni kiasi gani hutokana na ada na hisa za wanachama wenyewe, na ni kiasi gani hutokana na ruzuku? Ruzuku hiyo imefungwa kwa masharti gani, na ni nani miongoni mwenu aliyeyasoma?