Joto Lipotealo Dohanini

Wazee wetu walisema kwamba pafukapo moshi hapakosi moto. Walitaka kutuonya juu ya uvumi na mambo ya siri. Lakini leo twapenda kuutwaa usemi huo kama ulivyo, tuuangalie moshi wenyewe. Mtu apitaye alfajiri karibu na jiko la shule ya bweni, au la parokia, au la mwoka mikate, huona bomba la chuma limetokeza juu ya paa likitoa moshi. Akisogeza mkono karibu nalo ataurudisha upesi, maana bomba lachoma. Je, joto hilo ni mali ya nani? Ni mali ya yule aliyezikata kuni, na ya yule aliyezibeba kichwani, na ya yule aliyetoa fedha kuzinunua. Nalo laenda zake hewani bila kupika ugali wala kupasha maji ya kumwogesha mtoto.

Wasomaji wapendwa, katika Injili ya Yohane, sura ya 6, twasoma habari za mikate mitano na samaki wawili. Watu walipokwisha kushiba, Bwana wetu aliwaagiza wanafunzi wakusanye makombo, nao wakajaza vikapu kumi na viwili. Tufikiri vema jambo hili. Yeye aliyekuwa na uwezo wa kuongeza mikate kadiri apendavyo ndiye aliyekataza makombo yasipotee. Basi sisi tusio na uwezo wa kuongeza hata mti mmoja kwa neno la kinywa, yatupasaje kuyatunza makombo ya moto wetu?

JOTO LAENDA WAPI?

Kuni ziwakapo, joto lake hugawanyika. Sehemu moja huingia katika sufuria, nyingine huingia katika kuta za jiko na katika hewa ya chumba. Sehemu iliyobaki huchukuliwa na moshi, ikapanda dohani, ikatoka. Katika moto wa mafiga matatu, usio na dohani, ni sehemu 10 hadi 15 tu katika 100 ziingiazo sufurianí mara nyingi. Nyingine zote hutawanyika. Jiko lenye bomba hulinda macho na mapafu ya mpishi, nalo ni jema kwa sababu hiyo. Walakini bomba hilo lisipoangaliwa huwa mlango wa nyuma ambao mali hutokea.

Watu wengi hudhani kwamba dawa ni kuliziba bomba kidogo, au kulirefusha na kulipindapinda, ili joto lisitoke. Hapo ndipo makosa huanza. Kabla ya kulitwaa joto la bomba, hatuna budi kujua kwanza bomba lafanya kazi gani.

Hewa yenye joto ni nyepesi kuliko hewa baridi, kwa hiyo hupanda. Moshi wa moto ukipanda ndani ya bomba, huvuta nyuma yake hewa mpya iingie jikoni mwa moto, na moto ukawaka vema. Hiyo ndiyo nguvu ya dohani. Haina mashine wala feni, ila joto la moshi wenyewe. Ukiupoza moshi kupita kiasi, nguvu hiyo hufa. Moshi hurudi chumbani, moto hufifia, na kuni hutoa hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu usingizini.

Basi joto la bomba lina sehemu mbili: iliyo haki ya bomba, nayo ndiyo ipandishayo moshi, na iliyo ziada, nayo ndiyo twaweza kuitwaa. Mwenye busara hutwaa ziada, akaiacha haki.

MATAIFA MENGINE WALIFANYAJE?

Jambo hili si jipya. Warumi wa kale walijenga mabafu yao juu ya nguzo fupi za matofali, moshi wa tanuru ukapita chini ya sakafu na ndani ya kuta zenye mashimo kabla ya kutoka. Mapokeo ya Kanisa yasimulia kwamba Mtakatifu Sesilia alifungiwa katika bafu la namna hiyo nyumbani kwake ili afe kwa joto, naye hakufa humo, hata akauawa kwa upanga. Katika kanisa lake, mtaa wa Trastevere mjini Roma, mabaki ya bafu la kale yaonyeshwa hata leo.

Huko Korea, tangu zamani sana, moto wa jikoni ulipika chakula, na moshi wake ukapitishwa chini ya sakafu ya mawe na udongo ya chumba cha kulala, ukatoka kwa dohani upande wa pili wa nyumba. Kwa moto mmoja jamaa ilikula, tena ikalala katika joto. Wachina wa kaskazini nao hujenga kitanda cha matofali ambacho moshi hupita ndani yake.

Nchini Swidi katika karne ya 18 kuni zilikuwa zimepungua. Mwaka 1767 Carl Johan Cronstedt na mwenzake Fabian Wrede walitengeneza jiko la matofali na vigae ambalo ndani yake moshi hupanda, hushuka, na kupanda tena katika njia ndefu, ukiyaachia matofali joto lake. Moto uliwashwa kwa muda mfupi tu, na chumba kikabaki na joto kwa saa nyingi baada ya moto kuzimika.

Viwanda navyo vilijifunza. Mwaka 1845 Edward Green, wa mji wa Wakefield huko Uingereza, alipata hati ya uvumbuzi wake wa kuweka mabomba ya maji katika njia ya moshi wa bwela, ili maji yapate moto kabla ya kuingia ndani ya bwela. Wengine walikuwa wamejaribu kabla yake, lakini masizi yaliyafunika mabomba na kuzuia joto lisipite. Green aliweka vikwangulio vilivyopanda na kushuka vikiondoa masizi daima. Mwaka 1856 Friedrich Siemens naye alibuni tanuru ambamo moshi hupasha joto rundo la matofali, kisha hewa mpya hupitishwa katika matofali hayo, ikafika motoni ikiwa moto tayari. Viwanda vya vioo na vya chuma vilipata faida kubwa.

Lakini tusisome faida tu, tusome na machozi. Katika karne ya 20, Wakorea wengi walipoacha kuni na kutumia vipande vya makaa ya mawe, hewa ya sumu ilipenya katika nyufa za sakafu zile zile, na watu wengi walikufa wamelala. Na huko Amerika ya Kaskazini, baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, watu wengi walirudia majiko ya kuni, na baadhi yao wakafunga katika mabomba yao visanduku vya kutwaa joto. Moshi uliopozwa mno uliacha ndani yake lami nyeusi; lami ikashika moto, na dohani zikawaka.

NAMNA YA KUFANYA KWETU

Sasa twarudi nyumbani. Mahali palipo na jiko la kuni lenye bomba la chuma, kama katika shule, konventi, hospitali na nyumba nyingi za nyanda za baridi, njia iliyo rahisi ni tangi la maji lizungukalo bomba. Fundi wa kuchomea vyuma hutengeneza mtungi wa chuma wenye tundu katikati, bomba la moshi likapita katika tundu hilo, na maji yakakaa pande zote. Chini huwekwa bilula ya kutolea maji. Mambo matano yaangaliwe bila kukosa.

La kwanza, tangi lisizibwe kamwe. Liwe na mfuniko wa kuwekwa juu tu, au tundu pana la kutolea mvuke. Maji yageukapo mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 kuliko yalivyokuwa. Na tangi lililozibwa sana ni bomu jikoni. Mtu asiseme kwamba maji ya bombani hayafiki kuchemka. Siku moja yatafika.

La pili, tangi lijazwe maji kabla ya moto kuwashwa, wala yasiachwe yakauke. Chuma kikavu kikishika moto, kisha kikatiwa maji baridi kwa ghafula, viungo vyake hupasuka na mvuke humrukia mpishi usoni.

La tatu, tangi lizunguke sehemu ya bomba tu, si bomba zima. Mafundi wa nchi za baridi hushauri kwamba moshi usipoe chini ya nyuzi 120 za Sentigredi kabla ya kutoka juu. Asiye na kipimo aangalie dalili hizi: moshi kurudi mlangoni mwa jiko, moto kuwa mzito, na matone meusi kuvuja katika maungio ya bomba. Akiziona, ajue kwamba ametwaa kupita haki yake, apunguze tangi.

La nne, usafi. Ukuta wa bomba uguswao na maji hukaa baridi kuliko sehemu nyingine, kwa hiyo masizi na lami hujikusanya hapo kwanza. Pawekwe kilango cha kusafishia, na bomba likwanguliwe kila juma wakati jiko limepoa kabisa. Kuni nazo ziwe kavu. Kuni mbichi hutumia joto lake kuukausha umaji wake, kisha hutoa lami nyingi.

La tano, bomba lisiguse mbao wala makuti. Mahali lipitapo kwenye paa pawekwe nafasi na bati la kinga.

Pasipohitajika maji, bomba laweza kuzungushiwa bomba la pili lililo pana, hewa ya chumba ikaingia chini na kutoka juu ikiwa na joto. Njia hii yafaa nyanda za baridi kama Makete na Njombe. Hapa pia yapasa maungio ya bomba la ndani yawe imara kabisa, ili moshi usichanganyike na hewa ya chumba.

Na wenye majiko ya makaa yasiyo na bomba, je? Kwao hakuna joto la bomba la kutwaa, na neno letu kwao ni moja: jiko la makaa lisiingizwe chumbani usiku, hata kuwe na baridi namna gani.

HESABU KIDOGO

Tuseme jiko la shule lala kilo 2 za kuni kavu kwa saa. Kilo moja yatoa joto la megajuli 15 hivi. Basi kwa saa moja ni megajuli 30. Tuseme sehemu 30 katika 100 zapanda na moshi: ni megajuli 9. Tukitwaa theluthi moja tu na kuacha theluthi mbili zipandishe moshi, twapata megajuli 3. Joto hilo latosha kuyapandisha maji ya ndoo moja ya lita 20 kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 55. Kuipasha ndoo hiyo hiyo juu ya mafiga matatu kungekula zaidi ya kilo moja ya kuni. Kwa jiko liwakalo saa sita kila siku, msomaji aweza kumaliza hesabu mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.

WAJIBU WETU

Pengine mtu atasema: hayo ni mambo ya mafundi, gazeti la Kanisa lahusikaje? Twajibu kwamba Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 3.2 walikufa mwaka 2020 kwa sababu ya hewa chafu ya nyumbani, na wengi wa wakaao katika moshi huo ni mama na watoto wadogo. Amri ya Mungu ya kutoua yaingia hata jikoni. Serikali ya Tanzania nayo, kwa mkakati uliozinduliwa mwaka 2024, yataka ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika 100 wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Ni shabaha njema. Lakini hata siku hiyo ifike, kuni zitachomwa bado, na yatupasa kuzichoma kwa akili.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alizihesabu kazi ndogo za kila siku, hata kupunguza moto wa kupasha nyumba na kuvaa nguo nzito zaidi, kuwa sehemu ya upendo wetu kwa viumbe vya Mungu. Basi jambo hili si la mama peke yake. Twawaona akina baba wengi wakilalamika kwamba kuni zimekuwa ghali, nao hawajapata hata mara moja kuinama kuangalia moshi watokea wapi. Baba wa nyumba na amwite fundi. Kijana na ashike kazi ya kukwangua masizi kila Jumamosi. Mkuu wa shule na aangalie kama tangi lina tundu la mvuke.

Na tukumbuke funzo la bomba lenyewe. Mpotevu huacha joto lote liende, akabaki maskini. Mchoyo hulizuia lote, akajaza nyumba sumu. Mkristo hutwaa ziada akamshukuru Mungu, naye huiacha haki ya bomba iendelee juu. Jioni ya leo, wakati moto uwakapo, kila mwenye bomba na atoke nje, alitazame, ajiulize: ni kiasi gani cha jasho la jamaa yangu kinatoka pale?