Huduma ya Jamii: Kazi ni ya Umma, Si ya Mkubwa

Mtu akihukumiwa kwa kosa dogo kisha wiki hiyo hiyo aonekane akifyeka nyasi kwenye zahanati, majirani huulizana amehonga nani. Huenda hajahonga yeyote. Anatumikia adhabu ya mahakama chini ya Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998.

Awali, wafungwa wa vifungo vifupi walifanya kazi za nje chini ya Sheria ya Magereza, na mpango huo ulilaumiwa kwa usimamizi hafifu. Sheria ya 1998 iliuweka mikononi mwa mahakama. Hakimu hutoa amri, afisa wa probesheni humfuatilia mkosaji, na kamati ya kitaifa inayoongozwa na jaji husimamia mpango mzima.

Amri hii hutolewa kwa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka 3, au pale kifungo kinapozidi hapo lakini mahakama ione kwamba miaka 3 au chini yake yatosha. Mkosaji halipwi. Kazi yenyewe sharti iufaidi umma: barabara, upanzi wa miti, miradi ya maji, ukarabati wa shule au hospitali. Kulima shamba la chifu, hata kwa nusu siku, si huduma ya jamii.

Hatua isiyojulikana na wengi ni uchunguzi. Kabla ya kutoa amri, mahakama humwagiza afisa kuchunguza kesi na hali ya mkosaji. Afisa hufika kijijini, akawauliza jamaa, majirani na mzee wa kijiji. Majibu yao huingia katika ripoti. Jirani anayemsingizia mwenzake kwa sababu ya ugomvi wa mpaka wa shamba anaweza kuchangia mzazi kufungwa jela na watoto kubaki bila mlezi. Anayeficha kwamba mtu huyo ni tishio kwa aliyekosewa naye anahatarisha maisha.

Mkosaji akikwepa kazi, mahakama inaweza kuibadilisha amri, au kuifuta na kutoa adhabu nyingine, kikiwemo kifungo.

Mahakama na probesheni ni za serikali ya kitaifa, lakini zahanati, masoko na barabara nyingi zinazohitaji kazi hiyo ni za kaunti. Mkazi anayemwona mkosaji akitumikishwa kwenye shamba la mtu binafsi aripoti kwa ofisi ya probesheni iliyo karibu naye, au katika mahakama iliyotoa amri.