Mtoto Nyuma ya Baiskeli: Miguu Iwekwe Wapi?

Simama asubuhi kandokando ya barabara itokayo Dodoma kwenda Manyoni, pale Kintinku, kabla jua halijawa kali. Tazama baiskeli zinazopita. Moja imebeba gunia la mpunga. Nyingine imebeba madumu ya maji. Halafu inapita ile tunayotaka kuizungumza leo. Mzazi anapiga pedali. Mtoto mmoja amekaa nyuma kwenye keria, mwingine amekaa mbele kwenye bomba. Vijana huita mshikaki. Yule wa nyuma ameshika shati la mzazi wake. Miguu yake inaning'inia.

Inaning'inia wapi? Hilo ndilo somo letu.

Hatusemi kwamba mzazi aache kubeba watoto kwa baiskeli. Hebu tupige hesabu. Tuseme kutoka nyumbani mpaka kliniki ni kilomita 6. Ukitembea kwa miguu na mtoto wa miaka minne, mtakwenda kama kilomita 3 kwa saa moja. Basi kwenda ni masaa mawili, kurudi masaa mawili. Jumla masaa manne. Kwa baiskeli, hata ukienda polepole, utakwenda kilomita 12 kwa saa moja. Kwenda ni nusu saa na kurudi nusu saa. Umeokoa masaa matatu. Kwa masaa hayo mtu anapalilia mtama, anateka maji na kupika. Mzazi mwenye kazi nyingi hawezi kuyatupa. Kwa hiyo baiskeli tutaendelea kuipanda. Lakini tuitengeneze.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa uchungu. Siku hiyo mama watoto alikuwa jarubani tangu alfajiri. Mimi nilibaki na mtoto wetu wa pili, wakati huo ana miaka minne. Nilikuwa nimechelewa, na nilikuwa na mambo matatu ya kufanya kabla ya saa sita. Nikampakia kwenye keria hivi hivi, bila mto, bila kamba. Nikamwambia, "Shika shati langu, usiliachie." Akaitika, "Ndiyo baba." Mtoto wa miaka minne huitika kila kitu.

Tulivuka reli salama. Mbele kidogo kulikuwa na mbuzi. Nadhani aligeuka kuwatazama. Mimi sikuona. Nilichosikia ni pedali kuwa nzito ghafla. Nikafikiri ni mchanga. Nikakanyaga kwa nguvu zaidi.

Ndugu msomaji, jambo hilo linaniuma mpaka leo. Haukuwa mchanga. Ulikuwa mguu wa mwanangu ndani ya gurudumu, na mimi nikausukuma zaidi. Ndipo aliposikika analia.

Watu walikuja mbio. Mmoja akaushika mguu avute. Kwa bahati fundi baiskeli mmoja mzee alikuwa karibu. Akapiga kelele, "Acheni! Msimvute mtoto!" Akamwambia mtu mmoja ambebe mtoto juu, uzito wake usielemee mguu. Mwingine akaishika baiskeli isitikisike. Yeye akachukua koleo akakata spoku mbili. Mguu ukatoka wenyewe. Bibi mmoja wa jirani akaja na majivu mkononi. Alikuwa na nia njema, maana hivyo ndivyo alivyolelewa. Yule mzee akamwambia kwa heshima, "Bibi, tunashukuru. Tuuoshe kwanza kwa maji."

Jioni mama watoto aliporudi hakunigombeza sana. Alisema neno moja tu. "Baba watoto, gunia la mpunga unalifunga kamba tatu. Mwanangu ulimfunga na nini?"

Sikuwa na jibu.

KWA NINI MGUU HUINGIA?

Spoku ni vile vyuma vyembamba vinavyotoka katikati ya gurudumu kwenda kwenye rimu. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja, baiskeli inakwenda mita 2 na kitu. Ukienda kilomita 12 kwa saa moja, unapita mita 200 kwa dakika moja. Gurudumu basi limezunguka kama mara 90. Sasa, baiskeli nyingi za zamani za kubebea mizigo zina spoku 40 nyuma. Zidisha 90 kwa 40. Unapata 3,600. Ndiyo kusema spoku 3,600 zinapita karibu na kisigino cha mtoto kila dakika. Kwa sekunde moja ni 60. Nawe unajiona unakwenda polepole!

Mguu ukiingia, spoku huubeba. Haziukati hapo hapo. Huupeleka mpaka kwenye vile vyuma viwili vinavyoshuka kutoka chini ya kiti mpaka ekseli. Hapo mguu unabanwa kati ya spoku na chuma, kama kitu kinachobanwa na mkasi. Ndiyo maana kinachoumia mara nyingi ni kisigino na kifundo cha mguu.

Mtoto aliyekaa mbele kwenye bomba naye ana hatari yake, tena ni mbaya zaidi. Mguu ukiingia gurudumu la mbele, baiskeli inasimama papo hapo na inapinduka. Mzazi na mtoto wote wanarushwa mbele ya usukani.

Jambo hili si la Kintinku peke yake. Huko India wanawake wengi huvaa sari, nguo ndefu inayoweza kunaswa na gurudumu. Kwa sababu hiyo pikipiki za huko huwekewa kinga ya chuma ubavuni mwa gurudumu la nyuma. Pikipiki nyingi za bodaboda zetu zimetoka India. Zitazame, utaona nyingine bado zina kinga hiyo. Uholanzi nako, nchi yenye baiskeli nyingi kuliko watu, baiskeli nyingi zina kifuniko ubavuni mwa gurudumu la nyuma ili makoti yasinaswe. Mtoto hukaa kwenye kiti chenye mahali pa kuweka miguu. Kumbe wazo ni lile lile: ziba gurudumu.

TUTENGENEZE KINGA

Kinga haihitaji fedha nyingi. Tafuta dumu la plastiki la lita 20 lililotoboka. Likate upate vipande viwili vilivyonyooka, kimoja cha kulia na kimoja cha kushoto. Kipande kiwe kikubwa, kizibe nafasi yote ambayo mguu wa mtoto unaweza kufika: kuanzia chini ya keria kushuka mpaka karibu na ekseli, na nyuma kidogo ya mahali anapokaa. Wengine huziba sehemu ndogo tu karibu na kiti. Haitoshi. Mtoto hurusha mguu nyuma pia.

Pasha msumari moto utoboe matundu pembeni. Funga kipande kwa waya laini kwenye vyuma vya keria na vile vinavyoshuka kutoka kwenye kiti. Ncha za waya uzikunje ziangalie nje, na uzifunike kwa kipande cha tyubu zisimchome mtoto. Kisha inua gurudumu ulizungushe kwa mkono. Likigusa plastiki, legeza na kufunga upya. Pakia mzigo wa kujaribia kwanza, kwa mfano dumu la maji, maana keria hunesa ikibeba uzito. Zungusha tena.

Baada ya kuziba gurudumu, upe mguu mahali pa kukaa. Mguu unaoning'inia huchoka, na mtoto akichoka huuchezesha. Mwombe fundi aweke vyuma viwili vifupi vya kukanyagia, kila upande kimoja, kwa urefu wa miguu ya mtoto wako. Mtoto anakua, kwa hiyo vyuma hivyo vihamishwe kila baada ya miezi michache. Viatu ni muhimu, hata kama ni vya plastiki. Ila kandambili hudondoka, na mtoto huinama kuifuata.

Halafu kiti. Seremala anaweza kutengeneza kiti kidogo cha mbao chenye mgongo na mikono, kikafungwa kwenye keria kwa boliti. Kamba ya kumfungia mtoto iwe pana, ipite kiunoni. Mpira wa tyubu uliokatwa upana wa vidole vitatu unafaa. Usimfunge shingoni wala kifuani kwa kubana. Na usimfunge kwa kamba inayounganisha mwili wako na wake, kwa sababu ukianguka wewe utamlalia.

Kofia ngumu kwa mtoto ni kitu kizuri. Vijijini ni chache, lakini ukiipata ivalishwe.

MTOTO WA UMRI GANI?

Mtoto mchanga asipande baiskeli kabisa. Shingo yake haijakaza, na mitikisiko ya njia mbovu inamdhuru. Asubiri mpaka apite mwaka mmoja, awe anakaa mwenyewe bila kuyumba.

Najua akina mama watauliza: je, nikimfunga mgongoni kwa kitenge? Swali hili ni gumu, maana wengi hufanya hivyo na hufika salama. Lakini fikiri ukianguka chali. Atakayetangulia kugonga chini ni nani? Tena ncha ya kitenge ikishuka hunaswa na gurudumu au mnyororo. Kwa mtoto wa mgongoni ni bora uikokote baiskeli ikubebee mzigo, wewe utembee. Utachelewa, ni kweli.

Neno jingine dogo ambalo wengi hulisahau. Usimwache mtoto amekaa juu ya baiskeli iliyosimamishwa kwa stendi, eti unaingia dukani mara moja. Akijipinda kidogo tu, baiskeli inalala naye. Mtoto awe wa mwisho kupanda na wa kwanza kushuka.

NJIANI

Kintinku ni nchi tambarare, na hilo ni jema kwa mwenye baiskeli. Lakini ina mambo yake. Ukifika relini, shuka ukokote. Ukiivuka reli kwa ubavu, gurudumu huteleza au kuingia kwenye mwanya.

Masika udongo mweusi hujaa kwenye madigadi na gurudumu hukwama. Hapo pia pedali huwa nzito. Kumbuka kisa changu. Pedali ikiwa nzito ghafla na una mtoto nyuma, usikanyage. Acha kukanyaga, simama, geuka utazame. Kama ni matope, umepoteza nusu dakika tu.

Kiangazi kuna mbigili. Tairi ikiishiwa upepo, baiskeli yenye mtoto huyumba na usukani huwa mzito. Bonyeza tairi kwa dole gumba kabla ya kumpakia mtoto. Jaribu breki zote mbili. Rimu ikiwa imelowa, breki hushika kwa kuchelewa, basi anza kufunga mapema. Na usichanganye mtoto na madumu. Madumu mawili ya lita 20 ni kilo 40. Ongeza mtoto wa kilo 16. Ni kilo 56 nyuma yako, na breki ni zile zile.

Kwenye lami kaa kushoto kabisa. Ukisikia lori au basi nyuma yako, usingoje lipige honi. Toka kwenye lami, simama, liache lipite, maana upepo wake peke yake huiyumbisha baiskeli. Giza likiingia washa taa, na nyuma kuwe na kitu chekundu kinachong'aa.

MGUU UKIINGIA

Simama papo hapo. Usivute mguu. Usiizungushe gurudumu kwa nguvu. Mtu mmoja ambebe mtoto, mwingine akate spoku au alegeze gurudumu. Spoku zinauzwa.

Mguu ukitoka, uoshe kwa maji safi mengi na sabuni. Funika kwa kitambaa safi. Usipake majivu, udongo, mafuta ya taa wala kinyesi cha ng'ombe. Vitu hivyo huweza kuleta pepopunda, ugonjwa unaokaza mwili na kuua. Kama damu inatoka nyingi, bonyeza kitambaa juu ya jeraha kwa mkono. Mtoto asipoweza kukanyaga chini, huenda mfupa umevunjika. Usimlazimishe asimame.

Kisha mpeleke zahanati siku hiyo hiyo, hata jeraha likionekana dogo. Kidonda cha spoku hudanganya. Cha mwanangu siku ya kwanza kilionekana kama mchubuko. Siku ya nne ngozi ya kisigino ikawa nyeusi, kwa sababu nyama ya chini ilikuwa imepondwa. Kilichukua miezi miwili kupona. Muuguzi alisafisha kidonda, akauliza habari za chanjo, akampiga sindano ya pepopunda. Leo anatembea vizuri. Kovu analo.

Na baiskeli ya nani? Katika nyumba nyingi baiskeli ni ya baba, na anayewapeleka watoto kliniki ni mama, kwa miguu. Kama ndivyo kwako, kinga na kiti vifungwe kwenye baiskeli hiyo hiyo, na siku ya kliniki baba atembee yeye. Au awapeleke watoto mwenyewe.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini pedali huwa nzito ghafla? Taja sababu tatu.

2. Kutoka kwako mpaka shuleni ni kilomita ngapi? Piga hesabu ya muda wa kwenda na kurudi kwa miguu, kisha kwa baiskeli.

3. Wewe ungemjibuje bibi aliyekuja na majivu?

4. Mkalishe mtoto wako kwenye keria, mwingine aishike baiskeli imara. Mwambie mtoto achezeshe miguu mbele na nyuma. Weka alama ya chaki kila mahali inapofika. Hapo ndipo plastiki ianzie na iishie.