Kutafuta Chanzo Kabla ya Tiba: Somo la Injini Inayomisi

UTANGULIZI

Muhula mmoja tulikuwa tukiwapeleka wanachuo wetu kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule za Mugoma, wilayani Ngara. Tulipofika mlimani, gari tulilokodi lilianza kutikisika, likapoteza nguvu, na mlio wake ukawa wa kurukaruka. Dereva alisema kwamba injini inamisi, yaani silinda mojawapo haiwaki. Fundi wa kwanza alibadili plagi zote nne. Tulilipa, tukaondoka, na kabla ya kumaliza mlima wa pili gari likarudia yale yale. Fundi wa pili hakununua kitu. Alisikiliza, akazijaribu silinda moja moja, akagundua kuwa ya tatu ndiyo iliyonyamaza. Kisha alibadilishana waya wa plagi ya tatu na ule wa plagi ya pili. Mara silinda ya pili ikanyamaza na ya tatu ikawaka. Waya ulikuwa na ufa. Asubuhi yote ilikuwa imepotea, na madarasa yaliyotungoja yalikaa bila mwalimu.

Makala haya yaeleza namna ya kuligeuza tukio la aina hiyo kuwa somo la Sayansi kwa Darasa la Sita, katika vipindi viwili vya dakika 40. Shabaha yetu si kuwafanya watoto mafundi wa magari. Shabaha ni kuwazoeza kutafuta chanzo kabla ya kutoa tiba.

MAARIFA YA MWALIMU

Haifai mwalimu kuingia darasani na jambo asilolielewa. Injini ya petroli ya mapigo manne, iliyofanikishwa na Mjerumani Nikolaus Otto mwaka 1876, hufanya kazi kwa zamu nne: kuvuta mchanganyiko wa hewa na petroli, kuubana, kuuwasha ili uisukume pistoni, na kutoa moshi. Ili silinda iwake, mambo matatu hayana budi kuwapo: cheche kwa wakati wake, mchanganyiko ulio sawa (takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli), na mbano wa kutosha. Likikosekana moja tu, silinda hunyamaza.

Katika injini nyingi za silinda nne, mpango wa kuwaka ni 1-3-4-2. Injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, kila silinda huwaka mara 400. Moja ikinyamaza, tatu hubeba mzigo wa nne, na petroli isiyoungua hutoka kwenye bomba la moshi. Usipoziba ufa utajenga ukuta: katika magari yenye kisafisha moshi, petroli hiyo hukichoma na kukiharibu, na gharama yake hupita mbali bei ya waya mmoja.

HATUA YA KWANZA: SILINDA IPI?

Hatua hii haihitaji gari. Simamisha wanafunzi wanne mbele ya darasa na uwape namba. Wapige makofi kwa mpango wa 1-3-4-2, kwa mwendo ulio sawa, bila kutaja namba. Wakishazoea, waambie wengine wote wafumbe macho, kisha mnong'oneze mmoja wa wanne asipige. Darasa litasikia pengo. Huko ndiko kumisi.

Sasa darasa liagize: "Namba moja anyamaze!" Mwendo ukiharibika zaidi, basi namba moja alikuwa akifanya kazi, arudi kupiga. Endeleeni hivyo kwa kila mmoja. Atakaponyamazishwa yule ambaye tayari yuko kimya, mlio hautabadilika hata kidogo. Hivi ndivyo fundi wetu alivyofanya: alizizima silinda moja moja, na ile ambayo kuzimwa kwake hakukuleta tofauti ndiyo iliyokuwa mbovu.

HATUA YA PILI: KWA NINI?

Chukua tochi mbili zinazofanana, moja ikiwa na betri zilizokwisha. Uliza darasa kwa nini moja haiwaki. Watataja betri, balbu na swichi. Waache wabadilishane kitu kimoja tu kati ya tochi hizo, na wajaribu kabla ya kugusa kingine. Tatizo likihama pamoja na kitu kilichohamishwa, mkosaji amepatikana. Anayebadili vitu vitatu kwa mara moja aweza kuiwasha tochi, lakini hatajua ni kipi kilichokuwa kibovu.

Baada ya hapo onyesha plagi kuukuu, nazo hupatikana bure kwa mafundi wengi. Plagi nzuri huwa na rangi ya kahawia au kijivu. Masizi makavu yaonyesha kwamba petroli imezidi. Mafuta ya injini yaonyesha kwamba yanapenya hadi ndani ya silinda. Unyevu wa petroli waonyesha kwamba aghalabu cheche haikupatikana. Nyeupe kupita kiasi yaonyesha joto jingi au upungufu wa petroli.

Cheche na petroli zikiwa salama, fundi hupima mbano. Silinda ikiwa na mbano mdogo, humimina mafuta kidogo ya injini ndani yake na kupima tena. Mbano ukipanda, ringi za pistoni zimechakaa. Usipopanda, huangalia valvu au gasketi.

TAHADHARI

Cheche ya plagi huzidi volti 10,000. Mkimwalika fundi aje na gari, watoto wakae mbali, na fundi peke yake ndiye aiguse injini. Wakumbushe pia kwamba malori makubwa yapitayo Ngara kwenda Rusumo na Kabanga hutumia dizeli. Hayo hayana plagi, bali dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa.

Magari ya siku hizi yana kompyuta. Namba P0303 humwambia fundi kwamba silinda ya tatu inamisi. Hata hivyo, namba hiyo haisemi kama ubovu ni wa plagi, koili, injekta au mbano. Kazi ya kufikiri bado ni ya mtu.

HITIMISHO

Katika mazoezi yayo hayo tulikagua daftari la mtoto mmoja aliyeandika: 52 - 27 = 35; 61 - 34 = 33; 83 - 46 = 43. Mwanachuo aliyemfundisha alikuwa amempa hesabu nyingine ishirini za kutoa, na zote akazikosa. Huko ni kubadili plagi zote nne. Tulimpa mtoto 68 - 25, akapata 43, nayo ni sahihi. Basi kutoa alijua. Lakini tarakimu ya chini ilipokuwa kubwa kuliko ya juu, aliigeuza hesabu, akatoa ndogo katika kubwa. Vifungu vya vijiti kumi kumi, na kufungua kifungu kimoja mbele ya macho yake, vilimsaidia kuliko zile hesabu ishirini.

Mtoto aliyenyamaza nyuma ya darasa pia ana chanzo. Huenda haoni ubao, hasikii vizuri, au hakula. Tusimhukumu kabla ya kupima.

ZOEZI LA WANACHUO

1. Andika andalio la somo kwa kutumia hatua mbili zilizoelezwa.
2. Chagua kosa moja linalorudiwa katika daftari la mwanafunzi. Tunga maswali matatu yatakayoonyesha chanzo chake, kila swali likipima jambo moja tu.