Dhahabu Nyekundu na Amana ya Daftari



Ukimwambia mtu kuwa dhahabu inaweza kuwa nyekundu, atakucheka. Lakini wengi wetu tumeshaiona. Ule mstari mwekundu kwenye kipimo cha haraka cha malaria kwa kawaida ni dhahabu, iliyogawanywa katika chembe za makumi machache tu ya nanomita. Unywele mmoja una upana wa nanomita 80,000 hivi. Chembe ndogo namna hiyo humeza mwanga wa kijani, na jicho huona wekundu unaobaki.

Michael Faraday alizichunguza chembe hizi London na kuandika habari zake mwaka 1857. Njia tunayofundishwa maabara ni ya John Turkevich na wenzake, ya mwaka 1951: unachemsha maji yenye chumvi ya dhahabu, unatia sitreti, na baada ya dakika chache maji yanakuwa mekundu kama juisi ya rosela. Sitreti hufanya kazi mbili. Huzigeuza ayoni kuwa dhahabu, kisha huzivika chembe chaji hasi ili zisukumane, zisigandane.

Kwenye kipimo, chembe hubandikwa kingamwili zinazoshika protini ya kimelea cha malaria. Damu husambaa kwenye utepe pamoja nazo, na penye mstari kuna kingamwili nyingine zinazozinasa. Dhahabu ikirundikana hapo, wekundu unaonekana.

Sasa niwaambie yaliyonipata. Maji yangu yalianza mekundu, yakawa zambarau, yakaishia buluu. Ripoti ilitakiwa kesho yake. Mezani kulikuwa na daftari la kundi lililotangulia, na namba safi: mwanga ulimezwa zaidi kwenye nanomita 520. Nikaiandika kama yangu.

Nikaenda kuswali Alasiri, lakini moyo haukutulia. Nilikumbuka kisa alichokipokea Imam Muslim: Mtume (s.a.w.) alitia mkono ndani ya rundo la chakula sokoni, akakuta chini kumelowa. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza mbona hakukiweka kilicholowa juu, watu wakione.

Nilirudi, nikaikata ile namba kwa mstari mmoja, nikaandika: rangi buluu, sababu haijajulikana. Alama zilipungua. Lakini mwalimu alipoisoma, tulikagua chupa pamoja tukagundua sikuisuuza vizuri. Ilikuwa na mabaki ya chumvi. Chumvi hudhoofisha msukumano wa chaji, chembe zikakaribiana na kugandana, na rangi ikageuka. Kosa hilo lilinifundisha kazi ya sitreti kuliko mhadhara wowote.

Ndugu zangu, tusidhani ni namba tu. Chembe zikigandana, kipimo kinaweza kukosa mstari uliopaswa kutokea, na mama akarudi nyumbani na mtoto mgonjwa akiamini ni mzima. Mtu huyo hatatuona wala hatalijua daftari letu. Allah analijua.

Basi safisheni vyombo vyenu, andikeni mlichokiona siku ileile, na kilicholowa kiwekeni juu.

Wabillahi tawfiq.